Mashine ya Berger hupima umakini, haipimi dhamiri

Wahenga waliponena kwamba akili ni nywele na kila mtu ana zake, hawakujua kuwa ingefika siku ambapo watu wangepenyeza vibamba vya madini katikati ya nywele hizo ili waipeleleze akili iliyo chini yake. Siku hiyo imekwisha kufika. Zipo sasa kanda nyembamba za kuvaliwa kichwani, mfano wa utepe anaojifunga mwanariadha asiingiwe na jasho machoni, ambazo hunasa umeme hafifu wa ubongo na kuupeleka katika simu ya mkononi. Simu nayo humweleza mvaaji kama akili yake imetulia juu ya kazi aliyo nayo au imetoka kwenda kutembea. Moja ya kanda hizo, iliyobuniwa Kanada na kuingia sokoni mwaka 2014, humsikizisha mvaaji vishindo vya upepo na mvua akili yake inapotangatanga, na milio ya ndege inapotulia.

Wauzaji wa vifaa hivi hawakosi maneno matamu. Wanatuambia kwamba mwanafunzi atajua ni saa ngapi ubongo wake husoma vyema, dereva ataonywa kabla usingizi haujamwibia barabara, na karani atatambua kama kelele za ofisini zinamharibia kazi. Baadhi ya madai haya yana ukweli ndani yake, na mengine yamepambwa kama bibi arusi. Lakini kabla msomaji hajashawishika, wala hajakasirika, ni vyema amjue mtu aliyeufungua mlango huu. Alikuwa Mjerumani, jina lake Hans Berger, na maisha yake yanaonyesha thamani ya mashine hizi, na pia mahali zinapokomea, kuliko hoja yoyote niwezayo kuitunga.

Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa binti wa Friedrich Rückert, malenga mashuhuri wa Kijerumani na mjuzi wa lugha za Mashariki, yule aliyezitafsiri Makama za Al-Hariri kutoka Kiarabu. Mtoto huyu basi alizaliwa baina ya dawa na ushairi, lakini ujanani mwake hakuvutwa na kimojawapo. Alivutwa na nyota. Mwaka 1892 aliingia chuo kikuu kusoma hisabati na elimu ya falaki, asidumu. Aliacha masomo akaenda kutumika jeshini kwa mwaka mmoja, katika kikosi cha mizinga mjini Würzburg.

Huko ndiko yalikompata yaliyougeuza mwendo wa maisha yake. Siku moja wakiwa mazoezini, farasi wake alisimama kwa miguu ya nyuma akamwangusha mbele ya mzinga uliokuwa ukikokotwa na farasi wengine. Mzinga ulizuiwa ukiwa umebakisha kidogo tu kumsaga. Kijana alinyanyuka akiwa mzima, ila hofu ilikuwa imemwingia hadi mifupani. Jioni ya siku hiyo hiyo alipokea telegramu kutoka kwa baba yake, ikimuuliza hali yake. Haikuwahi kutokea hata siku moja kabla ya hapo kwamba nyumbani kwao walimpelekea telegramu. Baadaye alielezwa kuwa dada yake mkubwa, aliyekuwa nyumbani mbali na pale, alijawa ghafla na hisia kwamba ndugu yake yumo hatarini, akamshikilia baba yao mpaka ujumbe ukapelekwa.

Wengi wetu tungesema kwamba hiyo ni sadfa, tukamshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zetu. Berger hakuweza kuendelea. Aliamini hadi mwisho wa uhai wake kwamba katika dakika ile ya kiwewe akili yake ilipeleka ujumbe, na akili ya dada yake ikaupokea. Aliziacha nyota, akashika udaktari, na nia yake ikawa moja: kuitafuta ile nguvu itokayo ndani ya ubongo ambayo huenda ndiyo iliyosafiri kutoka kwake hadi kwao.

Mwaka 1897 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Jena, akaajiriwa katika hospitali ya maradhi ya akili ya mji huo chini ya Profesa Otto Binswanger. Hapo alikaa takriban maisha yake yote ya kazi. Mwaka 1911 alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake kazini, wakajaliwa watoto wanne. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitumika kama daktari wa maradhi ya akili katika jeshi la nchi yake, na vita vilipokwisha akarejea Jena. Mwaka 1919 alirithi kiti cha Binswanger akawa mkurugenzi wa hospitali.

Waliomwona kazini walimjua kama mtu mkimya, mwenye haya, mwenye kushika ratiba kama mshale wa saa. Siku zake zilifanana kama punje za mahindi. Aliwazungukia wagonjwa, akafundisha, akatia sahihi makaratasi, na jioni ilipoingia alijifungia katika kijumba kidogo kando ya hospitali. Alichokuwa akikifanya humo hakukitangaza. Wengi wa wenzake walimdhania kuwa ni msimamizi mwangalifu asiye na jambo jipya kichwani.

Jambo alikuwa nalo, tena kubwa. Berger alifuata wazo alilolipata kwa mwanasaikolojia wa Denmark, Alfred Lehmann, kwamba chakula kinachochomwa ndani ya ubongo hugeuka kuwa nguvu za namna mbalimbali: sehemu huwa joto, sehemu huwa umeme, na sehemu huwa nguvu ya nafsi yenyewe, yaani fikira na hisia. Akawaza kwamba iwapo ataweza kupima mafuta yanayoingia, kisha apime joto na umeme, basi kitakachopungua katika hesabu ndicho kipimo cha nafsi. Ni hesabu ya mwenye duka anayejua magunia yaliyoingia na yaliyouzwa, akatafuta yaliyopotea.

Alianza na damu. Aliwachunguza wagonjwa waliokuwa na tundu katika fuvu, akapima jinsi ubongo unavyofura na kunywea kwa mapigo ya damu, akatoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1901. Akaingia katika joto, akatoa kitabu kingine mwaka 1910. Hesabu haikukubali. Ukabaki umeme.

Kwamba ubongo wa mnyama una umeme, hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Mwingereza Richard Caton wa Liverpool alikuwa ametoa habari hizo mwaka 1875, baada ya kuuona katika ubongo wa sungura na nyani. Ya binadamu hakuna aliyeyaona. Berger alijaribu kwa mbwa mwaka 1902 akashindwa, akajaribu tena mwaka 1910 kwa chombo kilicho bora zaidi akaambulia patupu. Sababu si ngumu kuielewa. Umeme unaofika juu ya ngozi ya kichwa aghalabu hauzidi sehemu mia moja za milioni moja ya volti. Betri moja ya tochi yenye volti moja na nusu inaushinda mara elfu kumi na zaidi. Tena Berger hakuwa fundi wa umeme, wala hakuwa na msaidizi aliyekuwa bingwa wa fani hiyo.

Tarehe 6 Julai 1924, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kupapasa gizani, alipata alichokitafuta. Alikuwapo kijana wa miaka 17 aliyekuwa akipasuliwa kichwa kwa ajili ya uvimbe, na mahali pamoja fuvu lake lilikuwa limeondolewa. Berger aliweka nyaya zake hapo, akaziunganisha na galvanomita, chombo chenye uzi mwembamba mno unaotikisika umeme unapoupitia. Uzi ule ulitikisika. Haukutikisika ovyo, bali ulipanda na kushuka kwa utaratibu, kama mashua iliyotia nanga.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Mtu huyu alikuwa na jambo ambalo dunia haijawahi kuliona, na umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini. Angeweza kukimbilia jarida la kwanza lililo karibu. Hakukimbilia. Kwa miaka mitano alikaa na shaka yake. Alijiuliza kama hayo si mapigo ya moyo, akaupima moyo sambamba na ubongo. Alijiuliza kama si mtikisiko wa damu katika mishipa, au wa misuli ya kichwa na macho, au umeme wa ngozi yenyewe. Alipima upya na upya, akapima watu wazima na wagonjwa, akajipima yeye mwenyewe, akampima mwanawe Klaus mara nyingi. Zipo siku alizosadiki na siku alizokata tamaa kabisa. Hatimaye mwaka 1929 alichapisha makala yake ya kwanza, akaipa michoro hiyo jina la Kijerumani ambalo sisi twalitamka elektroensefalogramu, na kwa kifupi EEG. Hadi kufikia mwaka 1938 alikuwa ametoa makala kumi na nne, zote juu ya jambo hilo hilo.

Aliyoyaona ndani ya michoro hiyo ndiyo asili ya kanda zote zinazouzwa leo. Mtu akiwa ameketi kwa utulivu, macho ameyafumba, hashughulishwi na lolote, ubongo wake hutoa mawimbi makubwa ya taratibu, yapatayo kumi kwa kila sekunde. Berger aliyaita mawimbi ya alfa. Mtu huyo akifumbua macho, au akiguswa mkono, au akipewa hesabu ya kupiga kichwani, mawimbi yale makubwa hutoweka, na mahali pake huingia mengine madogo ya haraka, ambayo Berger aliyaita beta. Alimpa mmoja wa binti zake hesabu ya kuzidisha bila kalamu, akatazama mstari. Binti alipokuwa akihangaika na hesabu, alfa ilinywea. Alipomaliza, ilirudi.

Kwa nini iwe hivyo? Hebu tuwafikirie wapiga kasia ndani ya mtumbwi mkubwa. Wakiwa safarini, bahari imetulia, wote huvuta kwa mwito mmoja, na aliye pwani husikia kishindo kimoja kikubwa cha makasia. Wakifika ufukoni kila mmoja hushika kazi yake: huyu hufunga kamba, yule hushusha mizigo, mwingine hubishana na mchuuzi. Kazi imeongezeka lakini kile kishindo kimoja kimetoweka. Ndivyo zilivyo seli za ubongo. Zinapopumzika, nyingi hutikisika kwa pamoja, na jumla yake hufika hadi juu ya ngozi. Kazi inapoingia kila kundi hushika lake, na mstari hulala.

Basi Berger alitoka kuitafuta sauti inayosafiri baina ya nafsi na nafsi, akarudi na kitu kingine kabisa: alama inayoonyesha kwamba mtu amezinduka na kuelekeza akili yake mahali fulani. Ni wapi alikoielekeza, alama haisemi. Aliyekuwa akipiga hesabu na aliyekuwa akikumbuka deni lake huweza kuchora mstari ule ule. Na umeme wenyewe ni dhaifu kiasi kwamba huchakaa ndani ya fuvu tu. Hauna ubavu wa kuvuka chumba, seuze kwenda mji wa pili kumwamsha dada.

Mwanzoni wataalamu hawakumsikiliza. Michoro ilionekana rahisi mno kuwa ya kitu chenye mambo mengi kama ubongo, na aliyeileta hakuwa miongoni mwa mabingwa wa umeme wa mwili. Mambo yaligeuka mwaka 1934 pale Edgar Adrian wa Cambridge, ambaye alikuwa amekwisha kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, aliporudia majaribio hayo pamoja na mwenzake Bryan Matthews na kuyathibitisha mbele ya wanasayansi wenzao. Adrian aliungama waziwazi kwamba heshima ni ya Berger, akataka mawimbi yale yaitwe kwa jina lake. Katika majaribio hayo palitokea jambo ambalo wauzaji wa kanda hawalitaji sana. Alfa ya Adrian ilikuwa bora kabisa, ikionekana na kutoweka kama inavyotakiwa. Ya Matthews ilikuwa haba. Wote wawili walikuwa wanasayansi hodari. Tofauti ile haikuwa ya werevu wala ya umakini. Ilikuwa tu tofauti ya kichwa na kichwa, kama zilivyo tofauti za nywele.

Faida za ugunduzi huo hazikukawia. Mwaka 1935 madaktari wa Harvard nchini Marekani walionyesha mchoro maalumu wa aina moja ya kifafa cha watoto, ile inayomfanya mtoto aduwae kwa nukta chache kana kwamba hayupo. Mwaka 1936 Grey Walter huko Uingereza alionyesha kwamba mawimbi yaliyozorota huweza kufichua mahali penye uvimbe. Tangu hapo wagonjwa wengi, hata hapa kwetu Kenya, wameketi wakiwa wamebandikwa nyaya kichwani, na watoto wao waliodhaniwa kuwa wamerogwa au ni wavivu wa kusikiliza wakapata dawa. Kwa hilo tunapaswa kumshukuru Berger bila choyo.

Lau hadithi ingeishia hapo, ningeifunga makala hii kwa sifa. Haiishii hapo.

Mwaka 1933 Wanazi walitwaa madaraka Ujerumani, na mwezi Julai mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliodaiwa kuwa na maradhi ya kurithi. Katika orodha ya sheria hiyo walikuwamo wenye maradhi ya akili, vipofu na viziwi wa kuzaliwa, na wenye kifafa. Ziliundwa mahakama maalumu ambamo madaktari waliketi pamoja na mahakimu, na nyingine za juu za kusikiliza rufaa. Wanahistoria hukisia kwamba hadi utawala ule ulipoanguka mwaka 1945 watu wapatao 400,000 walikuwa wamefungwa uzazi.

Kwa miaka mingi baada ya vita ilisimuliwa kwamba Berger alikuwa mpinzani wa Wanazi, kwamba walimwonea na kumfukuza kazi mwaka 1938, na kwamba kifo chake kilitokana na dhuluma hiyo. Wanahistoria waliofukua makabrasha ya Jena mwanzoni mwa karne hii walikuta habari nyingine. Mwaka 1938 Berger alikuwa na umri wa miaka 65, umri wa kustaafu. Alikuwa miongoni mwa waliokichangia fedha kikosi cha SS. Na alikuwa ameketi katika mahakama ya rufaa ya mjini Jena iliyoamua kesi za kufungwa uzazi. Mbele ya mahakama hiyo walikuja watu waliokwisha kuhukumiwa chini, wakiwa na tumaini hilo moja la mwisho, na mahakama ikazitupa rufaa zao. Hata mwaka 1941, akiwa amestaafu, alipotakiwa kurudi katika kazi hiyo aliipokea kwa moyo mkunjufu.

Hakuirudia. Berger alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya mwili na huzuni nzito ya moyo. Mwaka 1940 alikuwa ametoa kijitabu ambamo alilirudia lile jambo la ujana wake, la mzinga na telegramu, akiwa bado anaamini. Tarehe 1 Juni 1941, ndani ya hospitali ile aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka arubaini, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Nimeyaandika haya si kwa kuwa napenda kufukua makaburi. Nimeyaandika kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi namna hii kosa lililojificha katika bidhaa tunazouziwa. Mtu huyu alikuwa na umakini usio kifani. Jambo moja alilishika kwa miaka thelathini, kushindwa kusimtoe njiani, dharau ya wenzake isimtikise. Kama kuna mtu aliyestahili alama zote mia katika mizani ya umakini, ni yeye. Naye ndiye aliyeketi mezani, akafungua faili la mtu aliyekuja na tumaini lake la mwisho, akalisoma, bila shaka kwa makini yale yale, na kumnyima haki ya kuzaa. Laiti angalivishwa ukanda wa kichwani katika dakika hiyo, mstari ungelala vizuri na simu ingempongeza.

Umakini si wema, wala si hekima. Mwizi anayefungua kufuli usiku wa manane ana umakini. Mcheza kamari anao. Mtoto anayetazama mchezo katika simu hadi akasahau kula anao. Swali lenye uzito ni lile ambalo mashine haina mdomo wa kuuliza: umakini huu umeelekezwa kwa nini, na kwa faida ya nani? Mwalimu mzuri hulijua swali hilo. Akimwona mwanafunzi anatazama nje ya dirisha, hujiuliza kwanza kama anaota, anafikiri, ana njaa, au ameamkia kwenye msiba.

Hili si jambo la kufikirika tu. Mwaka 2019 ilijulikana duniani kwamba katika shule moja ya msingi ya Jinhua, mkoani Zhejiang nchini China, wanafunzi walikuwa wakivishwa kanda za ubongo darasani. Taa ya ukanda iliwaka nyekundu mtoto alipokuwa makini, na buluu alipokuwa ametawanya mawazo. Mwalimu aliziona zote kwa mara moja, na taarifa ziliwafikia wazazi. Wachina wenyewe walipiga kelele, na wenye mamlaka wa mahali hapo wakaamuru matumizi hayo yasimamishwe. Hebu tumfikirie mtoto wa miaka kumi anayejua kwamba taa iliyo juu ya kipaji cha uso wake itamshtaki kwa baba yake jioni. Hatafikiria somo. Ataifikiria taa.

Tena taa yenyewe huweza kusema uongo. Hospitalini hubandikwa nyaya kama ishirini kichwani, mgonjwa akaambiwa atulie, na mtaalamu akausoma mchoro kwa jicho lililofunzwa. Ukanda wa mtaani una nyaya chache tu, nyingi zikiwa kwenye paji la uso, nao huvaliwa na mtu anayetembea, anayetafuna na kupepesa macho. Pepeso moja la jicho au mkazo wa taya hutoa umeme unaoufunika ule wa ubongo. Berger alikaa miaka mitano akiziogopa kasoro hizo hizo kabla hajathubutu kutamka neno. Mashine ya leo hutoa alama katika nukta moja, wala haioni haya.

Je, basi tuvitupe vifaa hivi? La hasha. Mtu mzima anayetaka kujifahamu, akajipima kwa hiari yake nyumbani kwake, na takwimu zikabaki kuwa zake, hana kosa. Naye Berger alijipima mwenyewe kabla ya kutangaza lolote. Mgonjwa wa kifafa na dereva wa safari ndefu huenda siku moja wakaokolewa na ukanda ulioboreshwa. Ninachokikataa ni ukanda unaovishwa mtu na mwenye nguvu juu yake: mwajiri kwa mfanyakazi, shule kwa mtoto, serikali kwa raia. Chile imekwisha kuliona hilo. Mwaka 2021 iliirekebisha katiba yake ili kuzilinda habari zitokazo ubongoni, na mwaka 2023 Mahakama yake ya Juu iliamuru kampuni moja ya vifaa hivi ifute habari za ubongo ilizochukua kwa mtu mmoja. Sisi tunacho kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachoulinda usiri wa mtu, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019. Ni msingi mwema, lakini ilipotungwa hakuna aliyeutaja ubongo kwa jina. Wabunge wetu wangefanya busara kuutaja kabla wauzaji hawajabisha hodi katika shule zetu, ambako wazazi wenye hofu ya mitihani wako tayari kununua chochote kinachoahidi alama.

Kijana aliyeanguka mbele ya mzinga kule Würzburg alitaka kujua ni kitu gani kilichomuunganisha na dada yake. Umeme wa ubongo haukumpa jibu. Jibu lilikuwa mikononi mwake siku ile ile, katika karatasi ya telegramu: kulikuwa na mtu aliyemfikiria, akahangaika kwa ajili yake, akamsumbua baba hadi akaulizwa hali. Huo nao ni umakini, na ndio uliowakosa wale waliopita mbele ya meza yake mahakamani. Hakuna ukanda unaoupima. Sharti tuulizane sisi kwa sisi.